Jicho la Talaso na Pampu ya Petroli

Juzi gari langu lilikataa kuwaka nje ya ofisi, hapa Garissa mjini, saa za watu kwenda kula. Nikaita fundi, kijana mwenye simu mbili na vumbi la kutosha kichwani, naye bila maswali mengi akafungua mlango wa nyuma, akang'oa kiti na kufungua kifuniko kilichokuwa chini yake. Harufu ikapanda. Wenzangu wa rika langu mnajua kwamba kila mtu ana harufu yake moja inayomrudisha kwao apende asipende. Kuna wanaorudishwa na udongo wa mvua ya kwanza, kuna wanaorudishwa na ubani wa mama zao. Mimi hurudishwa na petroli iliyolala ndani ya tangi la gari kuukuu. Inanipeleka Balambala, kwenye ua wa nyanya yangu, siku zile mke wa baba yangu mdogo aliposhtakiwa kwa kosa la kuua gari kwa macho.

Naeleza jambo hili bila hasira. Hasira nilikuwa nayo, nikaitumia yote nikiwa msichana, sasa imebaki hadithi tu.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagon ya rangi ya kijivu, na kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Kila asubuhi wanawake walileta madumu yao ya manjano, yaliyofukizwa moshi hadi maziwa yakawa na ladha ya mti uliochomwa, na baba, ambaye sisi humwita aabo, aliyapanga nyuma kwa utaratibu ambao hakuruhusu mtu kuugusa. Kisha aliketi, akaingiza ufunguo, akauzungusha nusu na kutulia. "Bismillah," alisema. Na gari likaitikia. Kutoka nyuma, chini ya kiti nilichokuwa nimekalia, ilitoka sauti nyembamba, mmmm, ya kitambo kidogo, halafu kimya. Hapo ndipo aabo alipowasha.

Mimi niliamini kabisa kwamba gari lilikuwa likisema amin. Hakuna aliyenifundisha hivyo na sikumwuliza mtu. Nyumbani kwetu kila mwenye pumzi alitakiwa kuitikia dua, na gari lilikuwa na pumzi, tena ya moto. Sikuona ajabu. Baadaye, wakati wa kiangazi kirefu, ile sauti ilianza kukwaruza. Ikawa nzito, yenye mikoromo, na siku nyingine ilichelewa kidogo kabla ya kutoka. Nikajua gari lina mafua. Vumbi lilikuwa jingi na hata sisi watoto tulikuwa tukikohoa, kwa hiyo nililionea huruma, nikanyamaza.

Talaso alikuja baada ya Ramadhani, mvua zikiwa zimeshanyesha. Baba mdogo, Adeer Bashir, alimuoa huko upande wa Wajir, kwa wafugaji wanaosema Kioromo, akamleta kwa mama yake, akakaa naye kidogo, kisha akarudi kwenye ngamia mahali ambapo simu haishiki. Alituachia mgeni. Tuliambiwa tumwite eddo, yaani shangazi, na mimi nilimwita hivyo kwa moyo wote kwa sababu alikuwa amesoma hadi sekondari na hakuchoka kuulizwa maswali. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtu yeyote uani. Kisomali chake kilikuwa cha kuvunjika, na nyanya yangu, Ayeeyo, alikisikiliza akiwa amekunja uso, ungedhani anatafuna mchanga.

Ayeeyo hakuwa mtu mbaya. Aliwazika waume na watoto, akalisha ukoo kwa maziwa, na alikuwa na kanuni zake. Moja ilikuwa kwamba kitu kizuri hakisifiwi hivi hivi. Ukiona mtoto mnono, ngamia mwenye nundu iliyosimama, hata sufuria mpya, unasema mashallah kwanza, kisha ndiyo useme hayo mengine. Asiyesema ana lake jambo. Sisi watoto tulizoea hata tukawa tunawaambia mashallah mbuzi.

Jioni moja aabo aliosha gari kwa maji ya mtoni, jambo alilofanya kwa nadra, na likatoka rangi ambayo tulikuwa tumeisahau. Talaso alikuwa akipita na kuni. Akasimama, akalitazama, akatabasamu, na kwa Kisomali chake kile akasema gari letu ni zuri sana, linang'aa. Alikuwa na furaha, mtu anayejaribu kusema neno jema katika nyumba ya watu. Kama alisema mashallah, aliisemea ndani ya shuka yake. Ayeeyo alikuwa mlangoni, na alisikia yote isipokuwa hilo.

Asubuhi aabo akasema Bismillah, na gari halikuitikia.

Aliwasha hivyo hivyo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena hadi betri ikaanza kulegea. Wanawake walisimama na madumu yao wakitazama jua. Hakuna gari jingine lililokuwa likitoka asubuhi ile, na kabla ya adhuhuri maziwa yalikuwa yameanza kuchachuka. Hapo midomo ikaanza kazi. Mmoja aliuliza gari lilioshwa lini. Mwingine akauliza nani alikuwepo. Ayeeyo alingoja wote waondoke, kisha akamwambia aabo kwa sauti ya kawaida kabisa, "Limepigwa jicho. Na unajua la nani."

Alitumwa mtu kwa maalim wa madrasa, akaja na tahliil, maji yaliyosomewa Kurani, ndani ya chupa ya soda. Ayeeyo alilizunguka gari akinyunyiza magurudumu, boneti na vioo, midomo ikimchezacheza. Mimi nilitumwa nikarudishe madumu ya watu. Niliporudi chupa ilikuwa tupu na gari lilikuwa vile vile.

Siku zilizofuata nilifanya uchunguzi wangu. Nilidhani jicho ni kitu kinachoonekana, kijiwe au mwiba, kimekaa ndani ya jicho la kawaida. Nikamwomba eddo anisuke nywele ili nipate sababu ya kumtazama kwa karibu. Alikuwa na macho ya kahawia yaliyopakwa wanja, na katika moja kulikuwa na doa dogo jeusi pembeni. Nililitazama sana lile doa. Akaniuliza, kwa Kiswahili, "Unatafuta nini humo?" Nikamwambia sitafuti kitu. Akaendelea kusuka, lakini vidole vyake vilikuwa vimepungua kasi, na nadhani alijua.

Hukumu ilitolewa bila kikao. Fundi angekuja kutoka Garissa na lori la mchanga, na lori likimaliza kupakia lingerudi mjini jioni ile ile. Talaso angepanda. Garissa angetafutiwa gari la Wajir, akae kwao "mpaka mumewe arudi." Hata mimi nilielewa maana yake. Mwanamke aliyerudishwa kwao kwa jicho haitwi tena, na hapati wa kumwoa, na dada zake wanachelewa pia. Adeer Bashir hakuwa na habari. Talaso alifunga sanduku lake, akaliweka mlangoni mwa chumba, akaketi juu yake.

Fundi aliitwa Kyalo. Alishuka kwenye lori na begi la turubai, akasalimia salaam aleikum vizuri kabisa, akaosha mikono, akanywa chai. Aabo alikuwa amemweleza shida kwa simu, kwa hiyo alikuwa amebeba na pampu ya akiba iliyotolewa kwenye gari jingine.

"Fundi," aabo akaanza, "hii gari yangu iko msuri sana, lakini saa hii amekataa kabisa. Betri iko, betroli iko. Ni kitu ingine."

"Kitu gani ingine, mzee?"

Aabo akatazama ardhi. "Watu anasema mambo."

Ayeeyo aliketi kwenye kigoda karibu kabisa, na hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni. Alitaka kila neno la fundi lifike kwake. Mtu aliyefaa kutafsiri alikuwa Talaso, aliyekuwa ameketi hatua chache tu, lakini Ayeeyo alinyoosha kidole kwangu. Hakutaka neno lipite mdomoni mwa yule. Basi nikasimama kati yao, mtoto wa darasa la tatu, nikawa mdomo wa watu wazima.

Kyalo alianza mbele. Aliomba aabo awashe, akasikiliza. "Starter inapiga. Inazunguka lakini haishiki." Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akaomba tena. Cheche ya buluu ikaruka. "Moto upo." Akaangalia fyuzi, ilikuwa nzima. Kisha akachomoa mpira wa petroli kule mbele, akaushikilia juu ya kikopo. "Washa." Injini ikazunguka. Hata tone halikutoka. Mimi nilikuwa natafsiri kila kitu: moto upo, petroli haiji. Ayeeyo aliitikia kwa kichwa, kwani kwake hayo yote yalikubaliana na alichokuwa anakijua.

Kyalo akaja nyuma, akafungua mfuniko wa tangi, akaweka sikio pale. "Mzee, funguo nusu tu. Usiwashe." Aabo, kwa mazoea, akasema Bismillah. Kimya. Kyalo akapiga tangi kwa kiganja, akaomba tena. Kimya. Akaweka taa yake ndogo ya kupimia umeme kwenye waya wa pampu, taa ikawaka. "Umeme unafika. Pampu ndiyo haifanyi kazi."

Alipong'oa kiti cha nyuma, ndipo ile harufu ilipotoka. Nilikuwa nimeikalia miaka yote nisijue. Akafungua kifuniko, akaivuta pampu nje ikichuruzika, akaiweka juu ya gunia. Kisha akateka petroli kidogo kutoka chini ya tangi, akaitia ndani ya chupa safi na kuiinua juani. Akaacha kutabasamu.

"Kuna maji hapa."

Tuliyaona sote. Petroli ilikuwa juu, ya rangi ya chai hafifu, na chini yake kulikuwa na kitu cheupe kisichotaka kuchanganyika nayo.

"Anasema nini?" Ayeeyo aliuliza. Nikamwambia. Wanawake wa maziwa, ambao walikuwa wamejaa uani kwa kisingizio cha kusalimia, wakageuza shingo zao zote kwa pamoja kuelekea kwenye sanduku la Talaso. Mmoja akasema kwa Kisomali, si kwa kunong'ona, kwamba jicho halikumtosha, ameongeza na mkono. Niliogopa. Nilimpenda eddo, na wakati ule nilianza kuamini kwamba ni kweli.

Aabo akamuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili. "Wewe umetia maji?"

"Hapana," Talaso akasema.

Kyalo alitazama huyu na yule. Alikuwa mgeni, na mgeni ana akili ya kuona kwamba ameingia kwenye jambo lisilo la kwake. Lakini alikuwa pia mtu asiyependa kazi yake ichafuliwe. "Mzee, subiri. Maji ni mabaya, sawa. Lakini maji hayawezi kunyamazisha pampu hivi. Pampu ingelia tu, na gari lingekohoa. Hii imekufa yenyewe." Akaunganisha nyaya mbili kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu. Haikutikisika. "Hii gari haikuwa inalia? Hapa nyuma? Sauti ya kukwaruza?"

"Habana," aabo akasema. "Hakuna sauti."

Ndipo nikasema jambo ambalo halikuwa la kutafsiri. "Lilikuwa na mafua."

Kyalo akanigeukia. "Mafua gani?"

Nikamwonyesha. Nikafanya mmmm ile ya zamani, kisha nikafanya ile ya mikoromo. Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. "Tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Kabla ya Ramadhani."

Aabo alikuwa akichunguza gurudumu. Najua sasa kwamba alikuwa akiisikia sauti ile kila siku kama nilivyoisikia mimi.

Kyalo akachukua koleo na nyundo, akaivunja ile pampu, maana haifunguliwi vinginevyo, akatoa vipande viwili vya kaboni vidogo kuliko punje za mahindi. Kutoka kwenye begi akatoa vingine, virefu, akaviweka kando yake. Akamwambia aabo, lakini akimtazama Ayeeyo, "Vinatakiwa kuwa hivi. Hivi vyenu vimelika hadi vimeisha. Pampu hii inapozwa na petroli yenyewe. Mtu akiendesha na tangi karibu tupu kila siku, inajichoma." Sote tulijua aabo alinunua petroli kwa chupa, barabarani, ya kufika na kurudi tu.

Nikatafsiri. Ayeeyo alisikiliza hadi mwisho, na jibu lake lilikuwa tayari. "Mwambie, jicho huangusha ngamia akiwa amesimama. Litashindwa na kichuma hiki?"

Nikamwambia Kyalo hivyo hivyo. Nilitegemea abishane, aseme hayo ni mambo ya kale. Badala yake akasema, "Muulize, jicho huua mara moja ama pole pole?"

"Mara moja," Ayeeyo akasema. "Asubuhi mzima, jioni amekufa."

"Basi muonyeshe hii." Akaniwekea kile kipande mkononi, nami nikampelekea. "Hii haikufa mara moja. Imelika mwaka, pengine zaidi. Huyu mama amekuja lini hapa?"

Nikaanza kutafsiri, na katikati ya sentensi nikaelewa ninachosema. Nikamtazama Talaso. Alikuwa ameelewa kwa Kiswahili, na sasa alikuwa akisubiri kukisikia kwa Kisomali, jinsi kitakavyotoka mdomoni mwangu. Nikakisema kwa sauti kubwa kupita kiasi: gari lilianza kufa kabla eddo hajaolewa.

Ayeeyo aligeuza kile kipande mkononi kwa muda. Alikuwa mfugaji. Alijua mnyama anayedhoofika taratibu na mnyama aliyeangushwa, na alijua hawafi kifo kimoja. Kisha akasema, na nikalazimika kutafsiri hilo pia kwa kuwa Kyalo alikuwa akingoja, "Maji ni yangu. Nilitia tahliil ndani. Nilitaka ifike tumboni."

Kyalo akavua kofia. "Mwambie hakuna ubaya. Nitayatoa yote."

Lori lilipopiga honi, gari la aabo lilikuwa tayari linanguruma kwa pampu ya akiba, na Kyalo alipanda peke yake. Jioni ile Ayeeyo alitoa haal. Kwa wasiojua, haal ni kitu anachopewa mwanamke aliyekosewa ili moyo wake urudi mahali pake. Alitoa mbuzi jike mweupe mwenye mimba na garbasaro mpya ambayo alikuwa ameiweka kwa harusi za binti zake, akamfunika nayo Talaso mabegani mbele ya wanawake wale wale waliogeuza shingo. Talaso akapokea. Akambusu Ayeeyo mkono. Sanduku likarudishwa ndani, na kwa kila mtu wa Balambala jambo likawa limekwisha, na kwa kweli lilikwisha vizuri. Hakuna aliyelitaja tena.

Ni mimi pekee, nadhani, niliyeona kilichofuata, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye njaa ya kusifiwa. Nilishika nafasi ya kwanza darasani, nikamletea eddo karatasi. Akaisoma yote, akasema, "Imepigwa muhuri." Nilivaa nguo ya Idi nikazunguka mbele yake mpaka kizunguzungu. Akasema mshono umeshika. Mbuzi wake mweupe alizaa mapacha, na eddo aliangalia kwato tu. Mwanzoni nilidhani amenichukia kwa sababu ya siku ile nilipomchunguza macho, na nilihuzunika sana. Lakini alikuwa akinipikia, akinifundisha, akinikumbatia. Hakuacha kunipenda. Aliacha kusema neno zuri juu ya kitu chochote kinachopumua.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, nilisafiri naye hadi Balambala ili eddo amwone. Ayeeyo alikuwa ameshafariki, wanawake wa maziwa wengi pia, na hakuna aliyebaki wa kumshuku mtu. Tulikuwa sisi watatu tu chumbani. Nilimwekea mtoto mapajani, nikamfunua uso. Nilikuwa mwanamke mzima, nina shahada na mshahara, na bado nilikuwa nikisubiri anisifie mtoto. Talaso alimtazama. Macho yake yakajaa furaha kabisa, ile ya jioni ya gari, kabla ya lolote kutokea, kisha akageuza uso haraka ukutani.

"Eddo," nikamwambia, "ilikuwa pampu. Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia," akasema. "Mfunike mtoto. Nimeshamtazama sana."

Nikamfunika.